Kona zangu zinakaa kwenye ndoo

Jumamosi moja asubuhi mzazi wa mwanafunzi wangu alinikuta nimechuchumaa nyuma ya baa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, hapa Magu, naokota visoda. Nimejifunga kitenge, kikapu kiko pembeni, nachambua vilivyo vizima na vilivyopinda. Akasimamisha baiskeli, akanisalimia kwa adabu zote, akauliza habari za nyumbani, kisha akaenda zake bila kuuliza lolote. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Asiyeuliza ana jibu lake tayari. Jumatatu nilipofika shuleni habari ilikuwa imenitangulia.

Basi kwanza naandika haya kujisafisha: visoda ni vya darasani. Pili naandika kwa sababu walimu wenzangu wa madarasa ya chini wamekuwa wakiniuliza kuhusu kona zangu za kusoma na kuandika, yaani vituo vya zana ambavyo watoto wanajifunzia wenyewe, na kila nikianza kueleza ofisini kengele inalia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Ajira ndiyo iliyonileta Usukumani, na mwaka wa tisa huu sijaondoka. Nafundisha darasa la kwanza. Mwaka jana nilikuwa na watoto 96 katika chumba kimoja. Kanuni inasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, kwa hiyo mimi nilikuwa na darasa langu na la mtu mwingine ambaye hajawahi kuripoti. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wameingia kwa wingi, na ni jambo jema, sina neno. Ila kipindi chetu ni dakika 30. Gawanya kwa 96. Kila mtoto anapata sekunde 18 na ushei, na hapo hujafuta ubao wala kuamua ugomvi wa penseli.

Kwa hiyo unafanya tunachofanya wote: unaimbisha. Ba, be, bi, bo, bu! Darasa zima linaitikia, bati linatetemeka, mwalimu mkuu akipita dirishani anatabasamu. Na ndani ya kwaya ile kuna watoto wanaofungua mdomo tu.

Nilikuwa na pacha wawili, wavulana. Nitawaita Kulwa na Doto, maana huku kila pacha ni Kulwa na Doto, aliyetangulia na aliyefuata. Wamenyolewa siku moja, sare moja, na sura ndiyo hiyo hiyo. Kulwa nilimwita mbele akasoma vizuri. Baada ya siku mbili nikamwita Doto, naye akasoma vizuri. Nikaweka vema kwa wote wawili kwenye daftari langu. Ilinichukua mpaka mwezi wa tano kutambua kwamba kila Doto anaposoma, ana pengo la jino la mbele la Kulwa. Doto mwenyewe alikuwa nyuma, dawati la dirishani, haijui hata a ikiwa imesimama peke yake. Miezi minne nilikuwa namsikiliza Kulwa mara mbili.

Sikumchapa mtu. Mwenye kosa alikuwa ameshika chaki.

Nilichotaka tangu siku ile ni kukaa chini na watoto wachache, karibu kiasi cha kuona mapengo yao, kila mmoja anisomee yeye mwenyewe. Sasa ili niwapate hao wachache, wale themanini wengine lazima wawe na kazi mikononi, kazi isiyonihitaji mimi. Kona kwangu zina maana hiyo tu. Zinaninunulia nafasi ya kukaa mkekani na hao wachache.

Lakini sikuanzia hapo. Miaka miwili kabla ya Kulwa na Doto nilikuwa nimeshatengeneza kona, tena nzuri mno. Nilitumia shilingi 38,000 za mshahara wangu: manila za rangi nne, maka peni, gundi, riboni. Ruzuku ya shule ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na zinazofika kwenye akaunti yetu ni 6,000, zile nyingine ni za vitabu. Ukishatoa chaki na karatasi za mitihani, riboni huwezi kuitamka mbele ya mwalimu mkuu. Nikapanga Kona ya Kusoma, Kona ya Kuandika, Kona ya Hadithi, kila moja na kibao chake chenye maua. Wageni walipokuja walipiga picha. Picha zikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, nikapewa makofi ya emoji. Wiki ya tatu mtoto mmoja wa kike, mpole, akanisogelea mapumziko akaniuliza: "Mwalimu, vile tutaruhusiwa kushika lini?"

Nilikuwa nimejenga makumbusho. Kila siku nilikuwa nawaambia msiguse, mtachafua.

Za sasa hazina maua, na hazina hata kona. Niligundua upesi kwamba watoto 96 wakihama kutoka pembe hii kwenda ile, vumbi linapanda, mtu anakanyagwa, na dakika saba zimekwenda. Basi kona ndizo zinazohama. Kila moja inakaa kwenye ndoo tupu ya rangi, ile ya lita 20, nilizopewa na fundi aliyepaka ofisi ya kata. Watoto wanabaki kwenye madawati, ndoo inapita. Makundi ni sita, la watoto 16 kila moja. Manne yanakaa ndani na ndoo nne. Mawili yanatoka nje chini ya mwarobaini: moja kwenye mchanga, moja kwenye mkeka wangu. Mwalimu wa taaluma alinipangia vipindi viwili vya kusoma na kuandika vifuatane Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Zamu mbili kwa siku, siku tatu, zamu sita, makundi sita. Ikifika Ijumaa mchana kila mtoto ameshika kila ndoo na amekaa mkekani mara moja. Kubadilishana ni kwa njuga, njuga moja ya mguuni niliyoombwa nisiseme imetoka kwa mchezaji gani. Kengele haifai, ukiigonga darasa la tano nao wanatoka kwenda kunywa uji.

Ndoo ya visoda ndiyo iliyonifundisha kazi, kwa hiyo niiseme kwa kirefu. Mara ya kwanza niliviandika herufi moja moja, kama alfabeti ya ukutani, kila herufi idadi sawa. Nilivigonga kwanza kwa nyundo meno yalale yasikwaruze, nikaandika ndani kwa rangi ya kucha kwa sababu maka peni inafutika kwa jasho la vidole. Kazi ya usiku tatu. Nikawapa watoto wawili wawili waunde sentensi ya ubaoni: Baba anakata kamba. Baada ya dakika mbili mikono juu darasa zima. "Mwalimu, a zimeisha!" Hesabu mwenyewe: sentensi hiyo ina a nane, na haina irabu nyingine hata moja. Mimi nilikuwa nimeweka a mbili kwa kila jozi, na x nilikuwa nazo za kutosha, sijui nilikuwa naandika Kiswahili gani.

Nikarudi nyuma ya baa. Safari hii nikaandika silabi: ka, ta, ma, li, zi, mu. Kuna walimu watakaonibishia, maana katika mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mtaala ulipobadilika 2015, tulisisitiziwa kuanza na sauti ya herufi. Naanza nayo. Nafundisha k inavyolia na a inavyolia, tunaziunganisha mpaka koo linauma. Lakini mkononi mtoto wa Kiswahili anataka kitu kinachotamkika. Kisoda cha k peke yake hakisemi kitu. Kisoda cha ka ukikigusa kinasema ka. Kwa hiyo ninazo aina mbili, za herufi kwa ajili ya kuunda silabi muhula wa kwanza, na za silabi kwa ajili ya kuunda maneno, na sizichanganyi kwenye ndoo moja.

Silabi ndizo zilizoleta mchezo ambao sikuufundisha mimi. Mvulana mmoja aliweka li na ma, akasoma lima, halafu mwenzake wa upande wa pili wa dawati, aliyeviona kinyume, akasema hapana, ni mali. Wakagombana. Nilipofika wote wawili walikuwa wanalia, na wote wawili walikuwa sahihi. Kuanzia hapo darasa likawa linageuza kila kitu. Kata ikawa taka. Tema ikawa mate, na hiyo ilichekwa wiki nzima. Nazi ikawa zina. Kila ikawa laki. Mmoja akaja mbio mpaka mlango wa ofisi: "Mwalimu, kazi ukiigeuza inakuwa zika!" Mwalimu mwenzangu anayebakisha miaka miwili kustaafu akajibu bila kuinua macho kwenye madaftari, "Mimi mbona nililijua zamani."

Mtoto anayegeuza hivyo hawezi kuwa amekariri. Kwenye kwaya unaweza kudanganya, kwenye picha ya kitabu unaweza kubahatisha, ila ukigeuza nazi mwenyewe ikakupa zina, umesoma.

Kisoda kilichonisumbua kuliko vyote ni cha m. Watoto wangu wengi walikuwa wanaandika mutu, mutoto, muti. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu mwaka mzima, nikiamini ni uzembe. Siku moja bibi wa mwanafunzi alikuja shuleni kufuatilia daftari lililopotea, na katika kusimulia kwa Kisukuma akasema munhu. Nikamuuliza mwalimu aliyekuwa anatafsiri, munhu ni nini? Mtu, akasema. Nilikaa kimya. Mtoto hakuwa anakosea kusikia. Alikuwa anasikia kwa lugha ya nyumbani kwao, ambako ile u ipo na inatamkwa. Mimi wa Tanga ndiye niliyezaliwa na m inayojitegemea mdomoni, nikadhani kila mtu amezaliwa nayo.

Nikatengeneza kisoda cha m kilichopakwa nyekundu chote, nje na ndani, hakuna kingine kama hicho. Sheria yake: huyu ana pigo lake mwenyewe, hahitaji kushikwa mkono na irabu. Tunapiga meza: m, tu. Mara mbili. M, to, to. Mara tatu. Vidole vinagonga, mdomo umefungwa kwenye m, ndipo mkono unaenda kuchukua chekundu. Ilichukua wiki mbili. Mutu bado anajitokeza kwenye imla mara moja moja, ila sasa mtoto mwenyewe anagonga dawati kimya kimya, anarudi na kufuta u.

Kwa upande mwingine ng' ilinipa raha. Watoto wa Kariakoo wanaisumbukia hiyo, hawa wa kwangu wamekua nyuma ya ng'ombe, wanaitamka kabla hawajaota meno. Kilichobaki ni kile kialama cha juu. Kitaalamu ni ritifaa. Wao wakakiita pembe. Ukiandika ngombe utasikia nyuma yako, "Mwalimu, umemkata pembe!" R na l sijazishinda, niwe mkweli. Mdomoni wanakuja na l tu. Nina makopo mawili ya kuchambulia kadi za picha, moja la rangi, ruka, redio, jingine la lima, lala, limao, na jicho linachambua vizuri kuliko ulimi. Nimeamua nianze na jicho, ulimi utafuata ukitaka.

Mchanga una kazi fupi. Mchanga wenyewe ni wa Mto Simiyu, nilioombewa na dereva wa tipa, umechekechwa, uko kwenye masinia manne ya bati. Kidole kinaandika, unatikisa, unaanza upya. Rafiki yangu aliyesomea ualimu wa Montessori kule Lushoto ana herufi za msasa zilizobandikwa kwenye mbao, mtoto anazipapasa kwa vidole viwili kabla ya kushika kalamu, mambo ambayo Maria Montessori mwenyewe alianza nayo Roma mwaka 1907. Nilizionea wivu. Bei ya msasa ikanirudisha mtoni. Faida ya mchanga ni kwamba kosa halikai. Kuna watoto wanaogopa ukurasa mweupe wa daftari kama wanavyoogopa sindano, na hao hao kwenye mchanga wanaandika kama wendawazimu. B na d ndipo tunapozitenganisha, kwa kuanza na fimbo au kuanza na tumbo. Mvua ikinyesha, kundi hilo linaingia ndani na kukaa chini mbele ya ubao na chaki, na siku hiyo imeharibika.

Maharage nilikuwa nayo, ya kupangia umbo la herufi. Nilifuta siku harage lilipoingia puani kwa mtoto na tukapanda bodaboda watatu kwenda zahanati. Sasa tunatumia udongo wa kichuguu, unafinyangwa nyoka, nyoka anakunjwa s. Hauingii puani kirahisi na hauna bei.

Kadi za maneno nilizibandika kwenye maboksi kwa gundi ya unga wa muhogo, kama tulivyoelekezwa kwenye semina ya zana za gharama nafuu. Hakuna aliyesema kuhusu panya. Likizo ya mwezi wa sita walikula muhula mzima, wakabakiza zile nilizochora kwa mkaa. Za sasa zimeandikwa kwenye vipande vya sandarusi, zinakunjwa, zinaoshwa, panya hawazipendi. Na ndoo ya mwisho ni ya maandishi ya dukani: paketi za chumvi, za majani ya chai, maboksi ya kiberiti, mfuko wa saruji uliokatwa, karatasi ya sabuni. Kila mtoto analeta kutoka kwao. Hiyo ndiyo inayogombewa, kwa sababu wanajua tayari inasema nini na wanataka kuhakikisha. Mama mmoja aliniambia mwanawe sasa anakataa kutumwa dukani mpaka asome kwanza paketi iliyoisha.

Mkekani sasa. Watoto 16, dakika 30, haifiki dakika mbili kwa mtoto. Nane wananizunguka, nane wanasomeana wawili wawili nyuma yangu, katikati tunabadilishana. Kadi ya picha naifunika kwa kiganja. Namwambia anioneshe kwa kidole anaposoma, kwa sababu kidole hakijui kuimba. Dakika mbili zinaonekana chache mpaka ukumbuke sekunde 18, na ukumbuke kwamba zile 18 hazikuwahi kufika kwa mtu. Mkekani nimejua nani haoni vizuri, nani hajala, nani anasoma kwa kunusa midomo ya jirani. Doto nilimweka kila siku, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, hata kama kundi si lake, na Kulwa nilimkalisha ndani ya dirisha ninaloliona. Mwezi wa saba Doto aliunganisha ka na ka. Mwezi wa tisa alikuwa anasoma sentensi, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wakati huo jino la Kulwa lilikuwa limeshaota na mimi nilikuwa nimerudi kutowajua. Nikawa namtambua Doto kwa namna anavyosoma.

Si wote. Wanne walimaliza mwaka bila kuunganisha silabi tatu, na mmoja wao sijui kabisa nilikosea wapi naye.

Kelele zipo. Mwalimu wa darasa la saba, ukuta kwa ukuta nami, alikuja mara mbili kipindi cha mitihani ya majaribio, mara ya pili hakusalimia. Tukakubaliana ndoo ya visoda isipite siku ya mtihani, na chini ya kila dawati nikatandika kipande cha kanga kuukuu ili visoda visilie. Mgeni mmoja wa ukaguzi alisimama mlangoni akauliza mbona mwalimu hayuko darasani. Nilikuwa mita kumi nyuma yake, chini ya mwarobaini, nimekaa mkekani, magoti yamekufa ganzi. Akaniandikia kwamba mwalimu asimame mbele ya wanafunzi wake. Nimeibandika karatasi hiyo ndani ya mfuniko wa ndoo ya kwanza.

Kila Ijumaa tunahesabu visoda kabla ya kurudi nyumbani. Chekundu cha m kinapotea kuliko vyote, na a bado hazitoshi. Mwenye baa sasa ananiwekea kwenye galoni, na palipo na harusi Jumamosi ananipigia simu mapema, kabla ya wauza chuma chakavu.

Januari hii wameandikishwa 118. Makundi sita ya 16 hayatoshi tena, na siku za wiki ni zile zile. Ndoo ya saba nimeipata. Mkeka wa pili ninao. Mwalimu wa kuukalia ndiye ninayemsubiri.